Krik Bila Krak

"Krik!" Eulalie aliita mara ya pili, na ukumbi mzima wa kanisa ukabaki kimya.

Hapa Marie-Galante, kisiwa cha Karibi, msimuliaji husema krik, watu huitikia krak, ndipo hadithi huanza. Wasipoitikia, hakuna hadithi. Hapa hata maiti matangani huitikia, ilimradi hana kinyongo na msimuliaji.

Lakini hawa wa ukumbini walikuwa wameshakisoma kitabu Eulalie alichokichapisha Paris.

"Yule mchawi mwenye ndevu," aliuliza muuza samaki, akijipapasa kidevu, "ndiye mimi, mwanangu?"

"Ni hadithi tu, shangazi."

"Basi kawasimulie haohao wa Paris!"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakafunga midomo tena.

Eulalie akamgeukia mama yake, aliyeketi safu ya mbele kando ya muuza samaki, na kilemba chake cha sikukuu, akijipepea kwa kitabu kilekile. Angeitikia mtu mmoja tu, ingetosha.

"Krik, mama?"

Mama akavuta pumzi, akafungua kinywa. Muuza samaki akamwekea mkono gotini, taratibu, kijirani kabisa.

Kesho Eulalie angerudi Paris. Mama angebaki.

Mama akafumba kinywa, akaendelea kujipepea.