Kobe Atakiwa Kuthibitisha Kuwa Yu Hai

Kobe alizeeka bila wasiwasi, kwani tangu ujana alikuwa akiweka akiba ya mtama katika ghala la wanyama. Siku alipokwenda kuchukua chake, Nyani, mtunza ghala, akamwambia, "Mzee, leta mtu wa rika lako athibitishe kuwa u hai."

"Wa rika langu wote wamezikwa! Kwani wewe hunioni?"

"Kukuona si ushahidi. Utaratibu ni utaratibu."

Kobe akafura kwa hasira. Akajilaza mlangoni mwa ghala, akaingiza kichwa na miguu ndani ya gamba, akatulia tuli. Foleni ikakwama, wanyama wakaanza kumzomea Nyani.

"Mzee Kobe, nakuomba, toka mlangoni!"

Sauti ikanguruma gambani: "Unamwomba nani? Maiti?"

Nyani akashika pishi, akampimia Kobe mtama wake.