Ukimya wa Chumba

Kabla ya kazi yoyote, fundi sauti hurekodi kwanza ukimya wa chumba kitupu. Tangu fundi huyu afiwe na mkewe, ukimya huo ulikuwa na mkwaruzo.

"Shemeji, hiyo kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta yako, ni kuukuu, haielewani na kadi ya sauti," alisema mdogo wa marehemu. "Weka hii mpya, ni imara."

Fundi akaiweka, akawasha kompyuta, akavaa hedifoni. Mkwaruzo kwisha. Akashusha pumzi.

Kisha mshale wa kipimo cha sauti ukapanda taratibu. Masikioni mwake mtu akakohoa kidogo, vile vile alivyokohoa mkewe kila alipotaka kuimba.

"Mbona unalia? Bado inakwaruza?"

"Nyamaza, shemeji," alisema, akabonyeza kitufe cha kurekodi. "Anaanza."