Breka Iliyoshuka Mpaka Chini

Mashine ya oksijeni ilianza kulia tena. Mke akabwaga mwiko kwenye jiko la uani, akatimua mbio roho mkononi, maana mlio ule haukuwa na tafsiri mbili: umeme umekatika, na mumewe amebaki na pumzi za kuokoteza.

Alimkuta kitandani anahema, jasho likimtoka, midomo imebadilika rangi. Akafungua mtungi wa akiba, akamwekea mrija wake puani. Mtungi wenyewe ulikuwa unaelekea kwisha, na mwingine hakuna.

"Fundi! Fanya hima, baba, mtu ananifia huku!"

Fundi wa umeme alikuwa amehangaika tangu asubuhi. Alichomoa friji, akachomoa pasi, akakata pampu ya maji, akajaribu laini moja baada ya nyingine. Zote nzima. Lakini breka kuu, swichi ya umeme wa nyumba nzima, kwenye kisanduku cha koridoni nje tu ya chumba cha mgonjwa, ilikuwa inakata ikijisikia. Na kila ilipokata, mke ndiye aliyewahi kuipandisha, kwa papara, bila hata kuitazama.

Safari hii fundi alimtangulia.

"Mama, hebu njoo uone," akaita kwa sauti ya chini. "Breka ya aina hii ikikata yenyewe, kijiti chake husimama katikati. Hiki kimeshuka mpaka chini."

"Ndiyo nini sasa?"

"Ndiyo kwamba nyaya zako hazina kosa. Kuna mtu anaizima kwa mkono."

Wakazi wa nyumba ile walikuwa watatu tu: yeye, mumewe, na wifi yake aliyekuja kusaidia kuuguza. Na wifi huyohuyo juzi tu alikuwa ametamka, tena bila haya, "Kaka anateseka mno. Angeachwa akapumzika."

Damu ikamchemka. Alimkuta sebuleni anakunja mashuka.

"Kusanya vyako utoke. Muuaji mkubwa we!"

Wifi akaliweka shuka chini. Alipoelezwa kisa cha breka, wala hakupandisha sauti.

"Wifi, kabla hujanifukuza, kamuulize kaka."

"Nimuulize nini mtu asiyeweza hata kujigeuza kitandani? Toka!"

Akatoka na begi lake, analia. Fundi, aliyeona mambo yamekuwa ya kifamilia, naye akafungasha vifaa vyake akaaga. Mke akafunga geti kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Akapandisha breka. Mashine ikaanza kunguruma, naye kwa mara ya kwanza siku hiyo akashusha pumzi.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamrudishia mumewe mrija wa mashine na kumpangusa jasho.

"Yamekwisha, mume wangu. Hakuna wa kukuchezea tena."

"Dada..." Maneno yalimtoka mumewe kwa shida. "Umemfukuza?"

"Nimemfukuza. Na hapa hakanyagi tena."

Mumewe akafumba macho. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni, na mke akamhurumia sana. Kusalitiwa na ndugu wa tumbo moja si jambo dogo. Akamfunika vizuri, akamwambia anakwenda kumletea uji, usingizi ukija asiukatae.

Hakuwa amefika hata jikoni mashine ilipolia.

Moyo ukampasuka paa! Akatupa macho getini: kufuli mahali pake. Akageuka mbio, kandambili moja ikamponyoka, hakuirudia. Akaingia koridoni.

Mumewe alikuwa amesimama pale kisandukuni, pekupeku, amejiegemeza ukutani, kidole kingali juu ya breka.

"Safari hii," akamwomba, "usiipandishe."