Chini ya Rangi Nyeusi

"Usikwangue tangi, mwanangu. Paka rangi juu kwa juu," baba mdogo alisema, akimkabidhi Stamili shingo upande pikipiki kuukuu iliyolala miaka mingi chini ya magunia ya korosho.

Stamili hakuwahi kufufua pikipiki, lakini nani hupaka rangi juu ya kutu? Akachukua msasa.

Chini ya rangi nyeusi ikatokea ya kijani, kisha herufi nyeupe zilizoandikwa kwa mkono: MAMA STAMILI.

Baba yake aliondoka miaka mingi nyuma na pikipiki hiyo hiyo, yenye jina la mama yake. Baba mdogo ndiye aliyerudi Newala kusema kwamba Mto Ruvuma umewachukua, mtu na chombo chake.

"Hodi! Umefikia wapi?" baba mdogo aliita kutoka uani.

"Shikamoo," alijibu Stamili, tangi likiwa mapajani mwake, jina likionekana wazi. "Karibu uone."