Mwisho wa Awamu ya Kwanza

Kwa miaka kumi na tisa Tausi, fundi cherehani, alivushwa mtaro na mumewe kwa kubebwa mgongoni hadi dukani kwake. Asubuhi ile njia mpya ya waenda kwa miguu, iliyotandikwa vigae, ilifunguliwa, naye akashika magurudumu ya kiti chake.

"Nikusukume?" mumewe aliuliza.

"Niache kwanza, baba Shani."

Akapita kwa kinyozi, akapita duka la dawa, akipungiwa mikono na majirani. Kisha vigae vikakoma, vumbi likaanza.

"Kilichobaki kinasubiri bajeti ya mwakani, mama," mhandisi wa njia hiyo, aliyesimama pale, alisema kwa aibu.

 Tausi alikuwa amegeuka, ameduwaa kwa umbali aliokuja peke yake. Ng'ambo ya vumbi, mwanamume mwenye magongo alitoka mlangoni kwake, akasimama kuvitazama vigae.