Maganda Kiganjani

Mume alitema ganda la mbegu ya boga kwenye kiganja cha mkewe, na kahawa ikampanda kooni Mwalimu Rudeina.

Kiganja kile kilikuwa wazi tangu walipoketi. Maganda yalikuwa yamelowa mate, mengine yamenasa kwenye pete ya ndoa. Na kisahani kitupu kilikuwa mezani kando ya bakuli la mbegu, mbele ya pua ya bwana huyo!

Kila wiki walikuja wanandoa nyumbani kwa mwalimu huyo mjini Irbid, Jordan, awafanyishe mazoezi ya usaili wa viza. Maswali aliyauliza kwa Kiingereza, na waume ndio waliojibu yote, hata ya wake zao.

“Wewe na mumeo mnaheshimiana?”

“Sana, mwalimu,” mume akadakia.

“Nimemuuliza yeye.”

“Ah, huyu ana haya. Wewe endelea tu.” Akatema tena. Safari hii mate yalichuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono wa mke.

Rudeina alitazama pembeni. Alipogeuka, alimtazama mke peke yake.

“Haya, binti yangu. Wewe na mumeo mnasaidiana?”

Mke aliangalia kiganja chake, kisha kisahani. Akayamwaga maganda yote kisahanini, akajipangusa kwa kanzu ya mumewe. Halafu akachagua mbegu moja nono, akaipasua kwa meno.

“Ndiyo,” akasema kwa Kiingereza kilichonyooka. “Tunasaidiana.”

Akaushika mkono wa mumewe, akaanza kuukunjua, kidole kimoja kimoja.