Jino la Mbele la Wamboi

Ngumi ya mumewe ndiyo iliyoliua jino la mbele la Wamboi. Leo, katika kliniki moja ya Ruiru, daktari alikuwa amemaliza kutibu mzizi.

"Jino lenyewe bado imara. Kuliziba kunatosha," alisema. "Labda kama litagongwa tena, ndiyo tulivalishe kofia ya kulikinga. Kwani uliumiaje, mama?"

"Aliteleza bafuni," mume akamjibia, huku akimkaba kifundo cha mkono mpaka mifupa ikasagana.

Wamboi aliutazama mkono uliomkaba. Kidole cha kati kilikuwa na kovu bichi, pale jino lilipokichana.

"Kofia ya nini, daktari? Halitagongwa tena."

Akauvuta mkono ule hadi mdomoni, akauma. Kwa ile ganzi aliyodungwa na daktari hakuhisi kitu. Mayowe ya mumewe ndiyo yaliyomwambia amefika mfupani.